Ngozi Iliyokataa Kuachia

12 Oktoba 1908

Elias Dreibelbis, mzee mkaidi wewe, nani alikutuma? Kila mwaka nakuambia ubao wa shimo la mwisho la kulowekea ngozi umeoza, nawe unanijibu, "Sevilla, ubao huo utatuzika sote." Haya, umekuzika wewe peke yako. Umetumbukia kwenye maji ya magome kama ngozi nyingine yoyote, buti miguuni na kiko mfukoni, ukaniachia kiwanda, madeni ya heshima na mtoto wa kiume anayeogopa kivuli chake. Huna haya hata kaburini.

Naandika kwa sababu nikisema kwa sauti, Irwin ananitazama kama nimerukwa na akili. Herufi nilizipata kwenye kitabu cha nyimbo za kanisani, hazikutosha, nazo ndizo nilizonazo. Atakayesoma akacheka, acheke akiwa mbali na mkono wangu.

Tulipokuzika, Irwin ndiye aliyepewa kazi ya kupasha habari. Kwetu bwana wa nyumba akifa, lazima mtu aende kugonga mizinga awaambie nyuki, kisha ng'ombe, kisha alitikise pipa la siki, isije ikafa nayo. Jana nikamuuliza kama alimaliza.

"Nyuki niliwaambia, Mama. Ng'ombe niliwaambia. Siki niliitikisa."

"Na mashimo ya ngozi?"

"Mashimo si viumbe."

"Na siki ni kiumbe?"

Akainama kwenye supu yake. Hajakanyaga kule tangu siku tuliyokuopoa. Na mimi, nisijitie ushujaa, sijakanyaga pia.

14 Oktoba

Tumepika siagi ya tufaha. Mvua.

17 Oktoba

Bwana Huyett amekuja kutoka mji wa Reading, na kofia yake mkononi. Huyu ndiye mtengeneza motokaa tunayemkatia ngozi za klachi. Kwa asiyejua: injini iko mbele, magurudumu yako nyuma, na katikati pana chuma chenye umbo la pia ya kuchezea watoto kinachoingia kwenye bakuli la chuma. Juu ya ile pia tunapigilia ngozi yetu kwa ribiti za shaba, ili chuma kisikwaruze chuma. Ukikanyaga pedali vinaachana. Ukiachia vinashikana, gari linakwenda. Ndivyo tulivyokula tangu farasi walipoanza kupungua na watu kuacha kununua hatamu.

"Bibi Sevilla," akasema, "ngozi ya marehemu ni bora kuliko zote nilizowahi kupigilia. Lakini ikipanda mlima inateleza, ikiteleza inaungua, na mteja analeta gari kwangu linanuka kama kwato zilizochomwa."

"Mteja ajifunze kuendesha."

"Mteja ndiye anayelipa, mama yangu."

Anataka kuchagua kitu kimoja cha kutia kwenye magari yake yote mapya. Atajaribu ngozi yetu, atajaribu gome lile la vizibo, atajaribu kitambaa cha pamba ya jiwe. Kabla ya Krismasi magari yatapanda kilima cha Spangler, na kitakachopanda vizuri ndicho. Ikishindwa ngozi, tutafunga. Hakusema hivyo. Alizungusha kofia tu.

Na nani anafuma hicho kitambaa cha jiwe? Mkwe wangu Salome! Mke wa Irwin, anayelala chini ya paa langu na kula kabichi yangu, kisha anakwenda kwenye kile kiwanda cha kando ya reli kufuma kamba ya kutunyongea. Pamba ile inachimbwa ardhini, inasokotwa na pamba ya kawaida, inatiwa nyuzi za shaba. Anarudi jioni mweupe kama mtu aliyeanguka kwenye pipa la unga. Nimemwambia ajikung'ute nje.

"Nimejikung'uta, Mama."

"Rudi ukajikung'ute tena."

Alirudi. Nilimsikia akikohoa huko nje, nikasema moyoni, kohoa, msaliti wewe.

21 Oktoba

Kwenye shimo la mwisho zimo ngozi ambazo Elias alizilaza mwaka jana. Zimeiva. Irwin anataka kuzimwaga pamoja na maji yake.

"Mama, baba alikufa humo."

"Na hizo ngozi zilikufa kabla yake. Zitoe."

"Watu watasema."

"Watu walisema nilipoolewa na mtengeneza ngozi, kwamba nitanuka. Nikanuka, nikala, nikakuzaa. Ngozi nzuri haitupwi."

Salome akasema taratibu, "Mama, ziache hizo. Kata za shimo jingine."

Angekaa kimya pengine ningezimwaga. Lakini nikubali ushauri wa mfuma mawe? Irwin alizitoa kwa ndoano, uso ameugeuzia ukutani.

3 Novemba

Zimekauka. Hudhurungi, nzito, laini kama shavu la mtoto. Sijapata kuona ngozi kama hizi. Nilipoziinamia nilisikia harufu ya tumbaku ya Elias. Nikaita Irwin anuse. Akasema hasikii kitu, lakini hakuziinamia mara ya pili.

9 Novemba

Nimekata mwenyewe, kwa kisu cha Elias. Irwin amepigilia kwenye motokaa ya majaribio, ambayo Huyett ametuachia bandani. Kisha nimeitia mafuta ya kwato, yale ninayochemsha mwenyewe, kama Elias alivyofanya: ngozi ikipigiliwa inyweshwe, la sivyo inashika bakuli ghafla.

10 Novemba

Nimekwenda baada ya kukamua. Ngozi kavu! Mafuta yote imekunywa. Nimeitia tena.

12 Novemba

Kavu tena. Nimeitia mafuta. Ngozi gani haishibi hivi?

13 Novemba

Kichwa cha nguruwe, uji wa mahindi wa kukaanga. Nimeitia mafuta.

18 Novemba

Leo nimeona kwa macho yangu mchana kweupe, wala sikuwa na homa.

Irwin aliwasha injini bandani, akapanda, akakanyaga pedali ya klachi hadi chini. Klachi ikikanyagwa gari linasimama hata injini ikinguruma, hilo mtoto mchanga analijua. Motokaa ikaanza kutambaa. Taratibu, kama ng'ombe anayejua njia ya kwenda kwenye maji. Irwin akakanyaga kwa miguu yote miwili. Ikaendelea. Ikatoka bandani, ikashika njia ya mashimo.

"Zima!" nikapiga kelele. "Zima, mpumbavu wewe!"

Akazima. Gurudumu la mbele lilikuwa limeshagusa ule ubao mpya wa shimo la mwisho.

Alishuka, midomo imekauka. "Haiachii, Mama. Nakanyaga, haiachii."

Ardhi pale imeinama kuelekea kwenye mashimo, najua, nimebeba ndoo pale tangu nikiwa bi harusi. Lakini mwinamo hauwezi kushika klachi.

Wale wafanyakazi wawili wa Huyett waliokuja kutazama wakacheka. "Mzee Elias amekumbuka buti zake humo shimoni," mmoja akasema. "Mpelekeni." Niliwafukuza na ufagio. Irwin hakucheka wala hakuwafukuza.

19 Novemba

Nimeitia mafuta. Imekunywa yote. Nilisema kwa sauti, "Elias, una kiu gani?" Nikajutia swali, maana ubao wa shimo ulilia, kama mtu amehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Hakukuwa na mtu.

22 Novemba, Jumapili

Kanisani nilichelewa kufika, goti liliniuma njiani. Nyumbani hatuzungumzi juu ya gari. Tunazungumza juu ya kuni. Salome peke yake ndiye anayethubutu.

"Irwin, mwambie Mama mbadilishe ile ngozi."

"Mwambie wewe."

"Mimi ni adui humu ndani. Wewe ni mtoto."

Nilikuwa mlangoni, nikaingia. "Adui anataka chumvi?" nikamwuliza, nikamsogezea kwa kishindo. Akacheka. Yule mwanamke alicheka! Kisha akakohoa mpaka akashika meza.

27 Novemba

Theluji. Nimeitia mafuta. Imekunywa.

1 Desemba

Gome la vizibo limeshindwa. Huyett ametuma mtu kusema vipande vilichomoka kwenye kilima vikatapakaa barabarani. Tumebaki sisi na jiwe. Nilifurahi mpaka nikaoka pai. Kama ngozi itapanda vizuri tarehe kumi, siku ya jaribio, kiwanda kitaishi, na Elias atakuwa hakufa bure, na kama ni yeye anayelisukuma gari lile, ataona kwamba anasukuma mkate wa mwanawe.

6 Desemba

Imekunywa yote.

10 Desemba

Nitaandika mpaka mkono ukatae.

Magari mawili chini ya kilima cha Spangler. La kitambaa cha jiwe analiendesha Huyett mwenyewe. La ngozi analiendesha Irwin, na kando yake magunia ya mchanga yawe uzito wa abiria. Salome aliomba ruhusa kazini, akaja na shali yake. Mimi nililetwa kwa gari la farasi la jirani. Nusu ya tarafa ilikuwepo, na wote wakijifanya wanapita tu.

Huyett akatangulia. Alipanda kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Katikati ya mlima akasimama makusudi, akaondoka tena bila kushtuka, akafika juu. Hakuna moshi. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Kisha Irwin. Alianza vizuri, moyo wangu ukapanda naye. Penye mwinuko mkali nikasikia injini inapiga kelele lakini gari halisogei. Ngozi inateleza. Ukatoka moshi wa buluu. Nikasema, itashika, Elias, ishike, mwanao huyo! Basi ikashika. Ikashika ghafla kama mbwa aliyekaa kimya muda mrefu. Gari likaruka. Mbele palikuwa na ghala la mawe la akina Spangler, penye kona. Nilimwona Irwin ananyoosha mguu akikanyaga pedali, akikanyaga kwa nguvu zote, mwili mzima umeinuka kitini, na gari linazidi kwenda. Haikuachia. Mpaka ukutani haikuachia.

Wanaume walisimama. Naapa, walisimama kama vigingi. Aliyekimbia ni Salome. Alikimbia akipanda mlima ule, shali ikaanguka, akafika wa kwanza, akazima injini iliyokuwa bado inalisukuma gari kwenye mawe, akatia bega lake chini ya chuma na kumvuta mume wake, mguu umegeuka upande usiofaa. Mimi nilipofika alikuwa amekaa kwenye theluji, kichwa cha Irwin mapajani, anahema kama mvukuto uliotoboka.

"Yu hai, Mama," akaniambia. Kwa sababu alijua sikuweza kuuliza.

11 Desemba

Mguu umeungwa. Atachechemea.

12 Desemba

Huyett ameifungua klachi kwenye meza ya bandani, nami nikiwa nimesimama. Juu ya ngozi ya Elias palikuwa na uji. Uji wa kijivu, mzito, unaonata, umeungua kingo. Kule ulikoganda uling'ang'ania bakuli kama gundi, kule ulikolowa uliteleza.

"Nani ametia udongo?" akauliza.

Ule unga wa udongo madereva huutupia kwenye ngozi inayoteleza, ili unyonye mafuta. Tulikwenda kitandani kwa Irwin.

"Mimi," akasema. "Kila jioni niliikuta imelowa. Nikiifuta, kesho yake imelowa tena. Nilidhani..." Akatazama ukuta. "Baba alitolewa akiwa amelowa vile vile."

"Na mafuta?" Huyett akaniuliza.

"Mimi. Kila asubuhi."

"Mnakaa nyumba moja, mnakula meza moja. Hamkuambiana?"

"Tungeambiana nini?" nikasema. "Kwamba baba yake ana kiu?"

Irwin akaanza kucheka, mguu ukamuuma, akalia. Sikumkemea. Kwetu mtu akiogopa, anaongea habari za kuni. Ugonjwa huo ndio uliompeleka mwanangu ukutani.

13 Desemba

Saa sita mchana nilikwenda kwenye mashimo. Nilipiga kila ukingo kwa fimbo, nikaambia kila shimo, "Bwana wenu amekufa." Kwenye la mwisho nilisimama zaidi. Nikasema, "Elias amekufa, na mimi nipo, na sitaki mchezo." Ubao haukulia. Harufu ya tumbaku haikuwepo. Nilirudi nyumbani nikiwa mpweke kuliko siku ya mazishi.

18 Desemba

Huyett amechagua. Kitambaa cha jiwe, magari yote. Nilikuwa nimeshajiandaa, nimevaa gauni la kanisani ili nisilie. Lakini hakuwa amemaliza.

"Kile kiwanda cha reli hakinitoshelezi kwa kitambaa. Nataka kufuma kwangu mwenyewe. Hapa pana maji, pana paa, pana mikanda ya kuendeshea mashine. Fukieni mashimo, nitaleta vitanda vya kufumia mwezi Januari. Bibi Salome awe msimamizi, awafundishe wasichana. Jina la Dreibelbis libaki mlangoni."

Jina libaki mlangoni! Nilimpa pai nzima aende nayo. Nikamwambia Salome, "Keti, leo nitakuandalia mimi." Alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni, masikini, hajazoea. Namwangalia sasa, nashangaa nilikuwa naangalia nini zamani. Bega lake bado lina alama ya chuma.

24 Desemba

Jioni akaja Belsnickel, zimwi letu la Krismasi, kama kila mwaka, kutisha watoto na kutupa njugu. Tunajua ni jirani yule yule mwenye gari la farasi. Safari hii mjinga yule alivaa ngozi ya ng'ombe mzima, amejipaka masizi, akagonga dirisha kwa fimbo, akaingia anachuruzika theluji iliyoyeyuka. Irwin alipiga ukelele ambao sitausahau. Alimwona aliyelowa, amevaa ngozi. Hata mimi nilinyakua ufagio.

Salome akamfuta yule mtu masizi usoni kwa shali. "Si yeye, mume wangu, tazama! Ni huyu mla njugu zetu." Akacheka, tukacheka wote, Irwin pia, mara ya kwanza bila kulia tangu ajali.

Sisi tukamaliza kucheka. Yeye hakumaliza. Kicheko kiligeuka kikohozi, na kikohozi hakikuwa na chini. Kavu, hakitoi kitu, kama mtu anakwangua ngozi kwa kisu butu. Belsnickel alisimama na fimbo yake hajui aitie wapi.

Nyumba hii nilikuwa nimesikia nyayo za mfu ndani yake miezi miwili, nikatega sikio usiku na mchana. Na kikohozi hiki kilikuwa kinapita ukutani wakati wote huo.

26 Desemba

Nimelifua gauni lake la kazini mwenyewe. Maji yalitoka na vumbi jeupe lisiloyeyuka, lina nyuzi ndogo zinazong'aa kama barafu. Vumbi hilo nililikausha, nikalitupa ndani ya jiko. Makaa mekundu. Nikafungua baadaye: lipo vile vile, jeupe, linanitazama.

Ndiyo sifa yake. Ndiyo maana limeshinda kilimani. Haliungui.

Nimemwita. "Wanaofuma nawe, wanakohoa?"

"Wote hukohoa, Mama. Unazoea."

"Waliozoea wako wapi?"

Akakunja aproni yake. "Mabel alikwenda kwa dada yake kupumzika. Ida kabla yake. Hawakurudi. Kitanda changu cha kufumia kilikuwa cha Ida."

"Nawe ulijua?"

"Tulihitaji kula. Ngozi ilikuwa inakufa, Mama, wewe tu hukutaka kuambiwa."

Kitu kisichoungua ndani ya jiko langu, kitaishia wapi ndani ya kifua cha mtoto huyu?

30 Desemba

Nimemwambia Irwin. Amesema Huyett ni mtu mwema. Nami nasema ni mtu mwema. Mwema na magari yake yanapanda mlima.

"Mama, tukikataa tunafunga. Jina la baba linatoka mlangoni."

"Jina la baba yako liko makaburini, limechongwa vizuri, nililipia mwenyewe."

"Tutakula nini?"

"Utashona viatu. Kushona hakutaki mguu. Mimi nina nyuki na siki."

"Salome anasema atakwenda kufuma hata hivyo."

Nimemsikia akisema. Anasema anajisikia nafuu asubuhi. Elias naye alisema ubao ni mzima.

4 Januari 1909

Mikokoteni ya Huyett yenye vitanda vya kufumia inafika kesho. Salome ameshapiga pasi aproni. Nimeichukua, nimeikalia.

Basi nisikilizeni, maana nitaisoma hii mezani na sitairudia. Irwin, kesho alfajiri utakaa kwenye kiti katikati ya mlango wa kiwanda, na huo mguu uliovunjika uunyooshe mpaka upande wa pili, mtu asipite bila kuuruka. Mimi nitasimama nyuma yako na ndoano ya ngozi. Huyett akija mpe mkono, mwambie asante, mwambie hapana, akiuliza sababu mnyamazie, nitamjibu mimi. Na wewe, Salome, mwanangu, usitoke kitandani. Hata ukinisikia natukana, hata ukisikia mikokoteni inageuka, lala papo hapo na uvute pumzi.